Sketi Mbili kwa Bei ya Moja

Kaka yake Fundi hakutoa hata salamu. Naanzia hapo makusudi, kwa sababu mtu anayempigia simu dada yake wa tumbo moja baada ya miaka ya kimya, na neno lake la kwanza likawa "tovuti," amekwisha kujieleza. Sina haja ya kumpaka rangi.

"Tovuti imekufa," alisema. "Nyeupe tupu. Shule zinafunguliwa, wateja wananipigia kelele. Rekebisha."

Mimi na Fundi tumepanga chumba kimoja juu ya duka la rangi. Upande wa dirisha ni wangu: natengeneza printa, na wino umenikaa kwenye kucha mpaka nimekata tamaa ya kuutoa. Upande wa ukuta ni wake: anatengeneza tovuti za watu zilizoharibika. Simu zake zote huziweka spika kwa sababu mikono iko kwenye kibodi, kwa hiyo mambo ya wateja wake nayajua, na aibu zao pia. Sijawahi kuziba masikio na sitaanza leo.

Kaka huyu nilikuwa namjua kwa kusimuliwa tu. Mafundi wa karakana yao walimwita Mkurugenzi, kwa ajili ya tai anayovaa ndani ya chumba chenye vyerehani sita. Karakana yenyewe ni ya mama yao, ambaye kila mtu alimwita Madamu. Alishona sare za shule maisha yake yote, akafundisha wasichana kushona, wasichana wasiohesabika, na hakuna hata mmoja asiyeikumbuka rula yake ya mbao kwenye vidole. Fundi ni kitinda mimba wake. Ndiye aliyewatengenezea tovuti hiyo, bure, enzi za amani.

Amani iliisha hivi. Mwalimu mkuu wa shule moja kubwa alikuja kuagiza sketi, akauliza kama kitambaa kinachuja. Madamu akasema hakichuji. Fundi alikuwa pale mezani anapima, akadakia, "Kinachuja, mwalimu, ukikifua mara ya tatu." Oda ikaondoka na mwalimu wake. Jioni hiyo hiyo Madamu alilitupa begi la binti yake nje ya mlango, akasimama mbele ya wanafunzi wake na kutangaza kwamba yeye ana mtoto mmoja. Watu husema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wa Madamu uliishia siku ya kujifungua, na sioni kwa nini nimfiche.

"Ulifanya nini kabla haijafa?" Fundi aliuliza. Ilikuwa sauti yake ya kazi, ile isiyo na joto wala baridi.

"Sijafanya kitu."

Wote husema hivyo. Tangu dunia iumbwe, hakuna mwenye tovuti aliyewahi kufanya kitu. Fundi aliingia kwa mlango wa nyuma, akakuta themu, yaani ile sura ya tovuti, imebadilishwa kuwa toleo jipya jana yake, na plagini, vile viprogramu vya nyongeza, zimechomekwa kila mahali, hata za kazi ambazo hakuna aliyeziomba. Akazizima zote kwa mpigo, na tovuti ikafumbua macho. Kisha akaziwasha moja moja, na kila akiwasha moja anafungua ukurasa kutazama. Kazi hiyo haina njia ya mkato: unawalaza wote, halafu unawaamsha mmoja mmoja mpaka mchawi ajulikane. Mchawi alikuwa plagini ya kudondosha maua kwenye skrini, ambayo haikuelewana na themu mpya. Akaing'oa.

"Yale maua yalikuwa mazuri," Mkurugenzi alilalamika.

"Chagua, maua au wateja."

"Na iko polepole. Kobe ana nafuu. Fanya iwe haraka."

Hapo ndipo ilipoingia kashe. Fundi alimweleza taratibu, na nakumbuka kila neno kwa sababu ndiyo maelezo anayompa kila mteja. "Kashe ni kama chupa ya chai. Badala ya kupika chai upya kila mgeni akibisha hodi, unapika mara moja, unaweka kwenye chupa, unamimina. Tovuti inakuwa haraka. Lakini ukibadilisha chai jikoni, ya kwenye chupa bado ni ile ya zamani. Lazima uimwage kwanza. Unaona kitufe chekundu kule juu? Futa nakala. Kwa themu hii, ukibadilisha bango la ukurasa wa mbele, plagini ya kashe haina habari. Kwa hiyo kila ukibadilisha bango, bonyeza."

"Sawa, sawa."

"Halafu tazama kama mgeni. Tumia simu ya mtu mwingine. Wewe ukishaingia kwa nywila yako, unahesabiwa mwenye nyumba, unapewa chai ya jikoni. Wewe utaona jipya, wageni wataona la zamani."

"Usinifundishe duka langu. Hiyo chupa inakaa muda gani?"

"Siku moja inatosha."

"Weka wiki mbili. Nataka kasi."

"Wiki mbili ni nyingi. Ukisahau kitufe—"

"Tovuti ya nani?"

Fundi akaweka wiki mbili. Mteja akisema mbili ni mbili. Mimi nilimkunjia uso, akainua mabega.

"Kingine," Mkurugenzi akasema. "Kuna bango jingine, limefichwa. Picha yake haitokei."

Bango la mbele wakati huo lilikuwa la sketi: sketi ya buluu na ya kijani zimepishana, na juu yake maneno manene, SKETI MBILI KWA BEI YA MOJA. Fundi akafungua lile la pili. Mikono yake ikatulia kwenye kibodi, na mikono ya Fundi huwa haitulii. Nikanyanyuka na bisibisi yangu, nikaenda kusimama nyuma ya kiti chake.

Lilikuwa tangazo la tanzia. Kwa masikitiko makubwa, familia inatangaza kifo cha Madamu. Mahali pa tarehe paliachwa wazi. Mahali pa picha palikuwa na kiboksi kilichopasuka. Chini yake: *Ameacha mtoto mmoja na wajukuu wawili.*

"Mama amefariki?" Fundi aliuliza, na safari hii sauti haikuwa ya kazi.

"Hajafariki. Maandalizi. Daktari katwambia tujiandae, moyo umechoka. Nimekwambia picha haitokei."

Nyuma yake tukasikia mtu akikohoa, kisha sauti ya mwanamke, nyembamba lakini imenyooka. "Unaongea na nani?"

"Fundi wa tovuti, Mama."

"Mwambie aweke ile ya gauni la buluu. Na asikate mikono. Watu waione mikono yangu."

"Mama," Fundi alisema. "Mama, shikamoo."

Kwa mbali tulisikia cherehani inakimbia, inasimama. Mimi nilishika bega la Fundi bila kujua nimelishika.

"Mwambie fundi wako simu yake inakwaruza," Madamu akasema. "Na tangazo litoke mapema, wasichana wangu wote walione. Nataka watu wafurike mpaka barabarani. Viti visitoshe."

Nimewahi kuona watu wakatili, na mmoja nimezaa naye. Lakini mwanamke anayepanga watu wa kuja kumlilia, huku anamkanyaga wa kwanza aliyekuwa tayari kulia, huyo alinizidi kimo. Fundi alitafuta ubovu wa picha, ambao ulikuwa upuuzi mtupu, faili kubwa kuliko tovuti ilivyoruhusu. Akaipunguza, akaiweka. Madamu akatokea kwenye skrini yetu na gauni lake la buluu, mikono miwili juu ya meza, vidole virefu.

Kisha Fundi akafuta neno moja na kuandika jingine. *Ameacha watoto wawili.*

Mkurugenzi alikuwa anatazama upande wake. "Rudisha."

"Kulikuwa na kosa, nimesahihisha."

"Si kosa. Kasema mwenyewe, kwa mdomo wake. Rudisha, ama nitafute fundi mwingine."

Akarudisha. Nilimwona akiandika *mtoto mmoja*, herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Kaka, nakuomba kitu kimoja," alisema. "Siku ikifika, niambie. Hata ujumbe. Hata neno moja."

"Utaona kwenye tovuti kama watu wengine."

Akakata. Kesho yake alibadilisha nywila, na namba ya Fundi akaifungia. Fundi akabaki mgeni kama mgeni mwingine yeyote, nje ya mlango alioujenga mwenyewe.

Mimi nilimwambia aende. "Panda basi, shoga yangu, nenda kamwone angali hai."

"Dada, nimeshakwenda mara ngapi? Mara ya mwisho alinitolea rula mbele ya wateja." Alikuwa anakunja gauni jeusi, analisukuma kwenye begi. "Akiwa hai atanifukuza. Akishakufa hawezi. Maiti haimfukuzi mtu. Nataka nimwone uso kabla hawajamfunika, nimshike ile mikono, basi. Sitaki kingine kwao, hata uzi."

Begi likakaa chini ya meza yake, limefungwa tayari. Nimejikwaa kwenye begi hilo asubuhi nyingi na kulitukana.

Akawa na desturi yake. Kabla ya kazi, kabla ya chai, anafungua tovuti ya kwao kama mgeni. Sketi ya buluu na ya kijani zimepishana. "Yuko hai," anasema, anaivuta kompyuta ya mteja. Mwanzoni alikuwa akisema kwa kunong'ona. Baadaye ikawa salamu yetu. Namuuliza, "Sketi zinaendeleaje?" Anajibu, "Zinapumua." Ukiona watu wawili wanacheka hivyo utadhani hawana mioyo, lakini kicheko kilikuwa ndiyo dawa yenyewe. Niliona anaanza hata kuzipenda zile sketi, yeye aliyejua zinachuja.

Utaniuliza, fundi mzima, aliyeeleza habari za chupa ya chai kwa mdomo wake, hakushuku? Kinyozi hajinyoi. Na tena alikuwa na imani moja ya kijinga, ambayo aliniambia baadaye: kwamba kaka yake anaweza kusahau kitufe kwa ajili ya bei ya kaptula, lakini kwa ajili ya mama hawezi. Alidhani mtu yule ana chumba cha heshima mahali fulani ndani yake. Mimi ningemwambia hana, lakini hakuniuliza.

Kulikuwa na asubuhi moja aliyokuja amechangamka kupita kawaida. Alifungua tovuti, akatazama sketi, akasema zinapumua vizuri sana leo. Akanunua maandazi ya wote wawili. Mchana alimtengenezea mtu wa mabomba tovuti ambayo fomu yake ilikuwa haitumi ujumbe, wakataniana kwenye simu, akacheka mpaka akafuta machozi. Tulikuja kupiga hesabu baadaye. Ndiyo siku waliyomzika.

Mkurugenzi alipiga siku iliyofuata. Hakusalimu.

"Tovuti yako mbovu."

Fundi aliniangalia, akanyoosha mgongo. "Tatizo ni nini?" Sauti ya kazi.

"Tangazo halionekani! Mimi naliona, lipo hapa mbele yangu, zuri kabisa. Watu hawalioni. Nimetuma kiungo kwenye vikundi vyote vya wanafunzi, nimewaandikia fungueni, kuna taarifa muhimu ya familia. Wananijibu hongera! Mmoja kaniandikia Mungu azidi kukubariki. Mwingine kaagiza sketi nne, saizi ya kati!"

Nilicheka. Sitasema sikucheka. Nilicheka kwa sauti mpaka bisibisi ikaniponyoka, na Fundi naye akaanza kutabasamu, akiwa tayari anafungua dirisha la mgeni kutazama. Sketi zilikuwepo.

"Hukubonyeza kitufe," alisema. "Tangazo gani?"

Tukasikia Mkurugenzi akifunga mlango kule kwake.

"Tangazo gani, kaka?"

"La Mama."

Tabasamu lilibaki usoni pa Fundi, limesahaulika pale. Sitaki kuliona tena tabasamu la namna hiyo kwa mtu yeyote.

"Lini?"

"Tumemzika jana. Watu wangapi walikuja, unajua? Mimi, mke wangu, watoto, majirani wawili na wachimba kaburi. Viti vimepangwa mpaka barabarani, vitupu! Watu wanapita wanatushangaa. Nimesimama na tai yangu nasoma wasifu, nawasomea viti. Mwanamke aliyefundisha nusu ya mji! Umefanya makusudi. Ulijua. Umemuaibisha mama yako kaburini."

Nilitaka kuchukua simu ile nimwambie anayostahili. Maneno nilikuwa nayo, yamejipanga. Fundi alinizuia kwa kiganja bila kugeuka.

"Nipe nywila," alisema.

"Ya nini?"

"Unataka lionekane au hutaki?"

Akamtajia herufi moja moja, kwa shingo upande. Fundi akaingia. Akabonyeza kitufe chekundu. Akafungua dirisha la mgeni, na sketi hazikuwepo. Madamu alikuwepo, na gauni la buluu, na mikono haikukatwa. Fundi aliisogelea skrini. Aliweka vidole vyake juu ya ile mikono, kwenye kioo, akaviacha hapo. Ndiyo mara pekee aliyoishika.

"Vipi, linaonekana?" Mkurugenzi aliuliza.

"Linaonekana."

"Kwangu pia linaonekana."

"Kwako lilionekana tangu mwanzo."

Tukasikia simu yake nyingine ikianza kuita kule kwake, ikakatika, ikaita tena. Wasichana wa Madamu walikuwa wanapata habari. "Sasa itakuwaje?" Mkurugenzi alisema, na kwa mara ya kwanza nilimsikia mtu ndani ya ile tai. "Watu watakuja sasa hivi. Viti nimesharudisha."

"Usikate," Fundi alimjibu. "Kuna kazi kidogo imebaki."

Nilimwona anafuta neno na kuandika jingine, kama siku ile. *Ameacha watoto wawili na wajukuu wawili.* Akahifadhi. Akabonyeza kitufe chekundu, akamwaga chai yote. Akaenda kwenye dirisha la mgeni, akafungua ukurasa mara moja, ili chupa ijazwe. Watoto wawili. Kisha akarudi jikoni, akaandika tena *mtoto mmoja*, akahifadhi. Na safari hii kitufe hakukigusa.

"Tazama kwako," alimwambia. "Mtoto mmoja. Kila kitu kiko kama alivyosema Mama?"

"Kiko."

"Usibonyeze kitu chochote, basi. Ukibonyeza litapotea tena."

"Sibonyezi. Na wewe usiguse tena." Akakata bila kusema pole, bila kwaheri.

Kwa muda wa wiki mbili, kila mtu aliyefungua tovuti ile, isipokuwa mwenye tovuti, alisoma kwamba Madamu ameacha watoto wawili. Wasichana wa zamani walimtafuta Fundi kwa namba iliyoko kwenye tovuti yake ya kazi, wakampa pole. Mmoja alimwambia, "Mama yako alinivunja kidole hiki, lakini alinifundisha kushona." Fundi aliwajibu wote. Alivaa lile gauni jeusi kuja kazini, siku zote hizo, na alipoulizwa na wateja alisema amefiwa na mama. Mkurugenzi alipokea watu wakimuuliza dada yako yuko wapi, akawaambia wamekosea. Wakamwonyesha kwenye simu zao, naye akatazama kwenye yake, akaona mmoja. Akawaambia wana wazimu. Hilo tumelisikia kwa wengi, na nililifurahia kuliko ninavyopaswa kusema.

Asubuhi ile muda ulipokwisha, Fundi alifika kabla yangu. Nilimkuta amefungua tovuti, mgongo wake umenielekea. Chupa ilikuwa imejimwaga yenyewe na kujazwa upya kutoka jikoni. Nikasoma juu ya bega lake. *Ameacha mtoto mmoja.*

"Pole, mdogo wangu," nilisema.

"Nishapoa, dada."

Alifunga dirisha lile. Akainama, akalivuta begi lililo chini ya meza, akatoa viatu vyake vya kawaida, alivyoviweka humo siku zote za msiba, na kuvaa. Kisha akapokea simu ya mtu ambaye tovuti yake ilikuwa nyeupe tupu tangu jana, na akamuuliza alifanya nini kabla haijafa.